Mikoba ya Skip Bertman

Juni 1982, mjini Omaha, jimbo la Nebraska. Chuo Kikuu cha Miami kinamenyana na Wichita State katika fainali za besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, na kwenye kituo cha kwanza amesimama Phil Stephenson, mwizi wa vituo aliyeogopwa kuliko wote mwaka ule. Katika mchezo huu, mchezaji aliyeko kituoni anaweza kuchomoka kwenda kituo kinachofuata akiona mwanya. Akiwahi, amekiiba; akiguswa na mpira kabla hajafika, ametoka. Uwanja mzima ulijua Stephenson atachomoka. Ghafla mrushaji wa Miami akageuka, akazungusha mkono kama anayeutupa mpira kituo cha kwanza ili amnase. Mlinzi wa kituo akajibwaga chini kwa urefu wake wote, kama mtu aliyepitwa na mpira. Wenzake wakapiga kelele, na wachezaji wa akiba wakaanza kuruka na kunyoosha vidole kana kwamba mpira umewapita miguuni. Stephenson akatimua mbio kuelekea kituo cha pili. Kumbe mpira haukuwa umetoka kwenye glavu ya mrushaji. Ukarushwa kituo cha pili bila haraka, na mwizi akanaswa.

Miami ilishinda 4–3, na zilipokutana tena kwenye mechi ya mwisho ikachukua ubingwa. Hila ile ilikuwa imefanyiwa mazoezi kama igizo la jukwaani, kila mmoja na sehemu yake, hadi wale wa benchi. Aliyeifundisha hakuwa kocha mkuu, bali msaidizi wake, mwalimu wa zamani wa shule ya sekondari aitwaye Skip Bertman. Mwaka mmoja baadaye Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, kilimwajiri awe kocha mkuu.

Waandishi wa michezo wa Kiswahili husema kocha mpya “amerithi mikoba” ya aliyeondoka. Mkoba ni wa mganga: ndani yake mna vitu ambavyo havinunuliwi sokoni, na anayeupokea lazima awe amekaa miaka mingi miguuni pa mwenye nao. Kwa besiboli ya vyuo vya Marekani msemo huo unafaa kuliko unavyofaa kwa mchezo mwingine wowote, kwa sababu kwa muda mrefu mchezo huo haukuwa na fedha za kununulia kitu. Uliishi kwa kile ambacho mwalimu alimwachia msaidizi wake.

Fainali za kwanza zilifanyika 1947 mjini Kalamazoo, Michigan, na zikahamia Omaha 1950, ziliko hadi leo. Katika fainali mbili za mwanzo kikosi cha Yale kilikuwa na mlinzi wa kituo cha kwanza aliyeitwa George H. W. Bush, ambaye baadaye angekuwa rais wa nchi. Lakini hata umaarufu wa namna hiyo haukuleta mapato. Rod Dedeaux, aliyekinoa kikosi cha Chuo Kikuu cha Kusini mwa California kwa zaidi ya miaka 40 na kukipa mataji 11, alipokea mshahara wa dola 1 kwa mwaka. Riziki yake ilitoka kwenye kampuni yake ya malori. Vyuo vingi vilimkabidhi timu ya besiboli mtu aliyekuwa na kazi nyingine chuoni, wakati mwingine msaidizi wa timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani aliyekuwa na nafasi majira ya kuchipua.

Ron Fraser aliyakuta mazingira hayohayo alipopewa timu ya Miami 1963, akajigeuza mfanyabiashara. Mwaka 1977 alitandika meza katikati ya uwanja, juu ya nyasi za kuchezea, akawaalika matajiri kwenye karamu ya dola 5,000 kwa sahani. Alibuni kila aina ya kivutio cha kumtoa mtu nyumbani, maana aliamini kwamba mtu atakuja mara ya kwanza kwa sababu ya burudani na mara ya pili kwa sababu ya mchezo. Kutoka 1976 Bertman alikuwa pembeni yake akiyatazama yote haya. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha shule ya sekondari ya Miami Beach na kuipa ubingwa wa jimbo la Florida. Kwa Fraser alijifunza kitu ambacho darasani hakikuwepo: kocha wa besiboli lazima awe pia mpiga debe.

Mkurugenzi wa michezo wa LSU wakati ule, Bob Brodhead, alikuwa ametokea hukohuko Miami, alikofanya kazi katika uongozi wa Dolphins, klabu ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Ndiyo maana jicho lake lilimwangukia msaidizi, ilhali makocha wakuu wenye majina walikuwapo. Kumchukua mtu ambaye hajawahi kuongoza kikosi cha chuo ni kamari. Lakini kazi yenyewe nayo haikuwa ya kugombaniwa. Huko Baton Rouge, mji wa LSU, mfalme ni mpira wa miguu wa Kimarekani, na mji mzima huujaza uwanja wake siku ya Jumamosi. Besiboli ilichezwa kwenye uwanja mdogo uliojengwa 1938 na kupewa jina la Alex Box, mchezaji wa zamani wa chuo aliyeuawa vitani Afrika Kaskazini mwaka 1943. Watazamaji walikuwa wa kuhesabika.

Bertman alianza na watu kabla ya ubao wa matokeo. Alizunguka kwenye vyama vya wafanyabiashara na karamu za mji, akizungumza popote alipopewa nafasi, akisema Omaha kama mtu anayetaja anwani ya nyumbani. Kwa vijana wake alikuwa na kisa cha kamba. Unaning'inia kwenye genge, chini ni shimo, na uhai wako unategemea kamba iliyoshikwa na mtu mmoja juu. Katika kikosi hiki, ungemchagua nani aishike? Vijana walilazimika kujibu, na hapo kila mmoja alijiuliza kama jina lake lingetajwa. Kisa hicho kiliwaingia mno hata “shika kamba” ikawa kauli ya kambi.

Msimu wake wa tatu, 1986, LSU ilifika Omaha kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ubingwa wa kwanza ulikuja 1991, wa pili 1993.

Wa tatu, wa 1996, ndio unaosimuliwa zaidi, na ni haki. Mechi ya mwisho iliwakutanisha LSU na Miami, mwanafunzi na nyumba iliyomlea, ingawa Fraser alikuwa amestaafu miaka minne kabla. Ngwe ya tisa, ya mwisho. Miami inaongoza 8–7. LSU wana mchezaji mmoja kituo cha tatu, lakini wapigaji wawili wametolewa tayari. Akitolewa wa tatu, mchezo umekwisha. Anayekuja kupiga ni Warren Morris, kijana ambaye sehemu kubwa ya msimu hakucheza kwa sababu ya mfupa uliovunjika mkononi, na ambaye mwaka ule hakuwa ameuvusha mpira uzio hata mara moja. Mrusho wa kwanza unashuka chini, upande wake wa ndani. Morris anaupiga. Mpira haupai juu kama ilivyo kawaida ya mipira inayovuka. Unakwenda chini-chini, moja kwa moja, na kuruka ukuta wa kulia kwa kimo kidogo tu. LSU 9, Miami 8. Wachezaji wa Miami wakaanguka pale walipokuwa wamesimama. Mmoja wao, Alex Cora, alilala kifudifudi mavumbini. Miaka mingi baadaye angeiongoza Boston Red Sox kutwaa ubingwa wa ligi kuu ya kulipwa.

Kwenye benchi la ufundi la LSU siku ile alikuwapo Mike Bianco, mdakaji wa zamani wa timu hiyohiyo aliyegeuka msaidizi. Hapa ndipo hadithi ya Bertman inapozidi kuwa na uzito, kuliko hata kwenye mataji. Wasaidizi wake hawakubaki wasaidizi. Mwaka 1997 LSU ilipofika tena kwenye mechi ya mwisho, benchi la wapinzani, Alabama, lilikuwa chini ya Jim Wells, aliyewahi kuwa msaidizi wa Bertman. Alabama ya Wells ilikuwa imeiadhiri LSU 28–2 mwezi Mei, kipigo ambacho watu wa Baton Rouge hawakipendi hata leo. Mwezi Juni mwalimu akashinda 13–6. Bianco naye alikwenda kukinoa kikosi cha Mississippi na akakipa ubingwa wa taifa 2022, katika mwaka ambao kilikuwa kimeingia kwenye mashindano kwa tundu la sindano.

Bertman alistaafu ukocha 2001 akiwa na ushindi 870 na mataji matano, kisha akakalia kiti cha mkurugenzi wa michezo. Sasa yeye ndiye angeajiri. Mikoba ilikwenda kwa Smoke Laval, msaidizi wake wa miaka kumi ya mwanzo. Ulikuwa uamuzi wa kawaida kabisa, wa mzee kumwachia kijana wa nyumbani. Laval aliifikisha timu Omaha 2003 na 2004. Kwingineko hilo lingemjengea sanamu. Lakini nyumba ilikuwa imezoea makombe, na 2006, LSU iliposhindwa hata kuingia kwenye mashindano ya taifa, Laval alibwaga manyanga. Ushindi wake ulikuwa 210, vipigo 109. Rekodi hiyo inastahili heshima kuliko iliyopewa, na aliyepaswa kuipokea barua yake ya kuondoka ni yuleyule aliyemlea.

Safari ya pili Bertman alimchukua Paul Mainieri kutoka Notre Dame. Kwa nje alionekana mgeni, kwa ndani alikuwa wa ukoo. Baba yake, Demie Mainieri, alikuwa kocha mashuhuri wa chuo cha miaka miwili kule Miami, na Paul alikua akiwaona Fraser na Bertman kama wazee wa mtaa. Alikuwa pia amevaa jezi ya LSU 1976. Mwaka 2009 aliiongoza timu kutwaa taji la sita, na mwaka huohuo uwanja mpya wa Alex Box, wenye viti zaidi ya 10,000, ulifunguliwa. Kwa miaka mingi kuanzia 1996 hakuna chuo kilichoishinda LSU kwa jumla ya watazamaji wa besiboli.

Ukoo ulikatika 2021. Mainieri alistaafu kwa sababu za afya, na chuo kikamleta Jay Johnson kutoka Arizona, mtu wa California ambaye hakuwa amekaa miguuni pa Bertman wala pa mtu yeyote wa Miami. Mshahara ulipita dola milioni 1 kwa mwaka. Dunia yenyewe ilikuwa imebadilika: mwaka huohuo wachezaji wa besiboli waliruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, hivyo kocha akiondoka, nusu ya kikosi yaweza kufunga virago naye.

Benchi nalo lilibadilika, na hili linahitaji kusemwa wazi kwa sababu lilikuwa dhuluma ya muda mrefu. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliruhusu wasaidizi wawili tu wa kulipwa katika besiboli. Wa tatu aliitwa wa kujitolea. Alifanya kazi sawa na wenzake, alfajiri hadi usiku, bila mshahara, akiganga njaa kwa kambi za watoto za kiangazi. Mapema miaka ya 1990 palikuwapo pia cheo cha msaidizi ambaye kipato chake hakikuruhusiwa kuzidi dola 16,000 kwa mwaka, hadi mahakama ilipokibatilisha kikomo hicho. Cheo cha kujitolea kilifutwa Julai 2023, baada ya wasaidizi nao kwenda mahakamani. Watu waliofundisha vizazi vizima vya wachezaji waliingia kwenye orodha ya malipo kwa mara ya kwanza.

Johnson alionyesha mapema thamani ya msaidizi. Juni 2022 alimchomoa Wes Johnson, kocha wa warushaji wa Minnesota Twins, katikati ya msimu wa ligi kuu ya kulipwa. Mtu kuiacha ligi kuu kwenda kuwa msaidizi chuoni lilikuwa jambo la kushangaza. Aliyefaidi ni Paul Skenes, kijana aliyehamia kutoka chuo cha jeshi la anga. Msimu wa 2023 Skenes aliwatoa wapigaji 209 kwa mirusho yake pekee, LSU ikachukua taji la saba, na Skenes na mwenzake Dylan Crews wakachaguliwa wa kwanza na wa pili katika uteuzi wa ligi kuu. Wawili wa chuo kimoja hawakuwa wamewahi kuchaguliwa hivyo.

Kabla kombe halijafika Baton Rouge, Wes Johnson alikuwa amekwisha kuajiriwa na Georgia kama kocha mkuu. Alikaa na LSU hadi mechi ya mwisho, kisha akaenda zake. Jay Johnson akampigia simu Nate Yeskie, aliyefanya naye kazi Arizona, wakati huo akiwa Texas A&M, na Yeskie akaja kuwachukua warushaji.

Juni 2025, Omaha tena, mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Coastal Carolina, Kade Anderson wa LSU, mrushaji wa mkono wa kushoto, alisimama kwenye kichuguu ngwe zote tisa. Alirusha mara 130. Coastal Carolina hawakupata hata pointi moja, na LSU walishinda 1–0. Siku iliyofuata walishinda tena, likapatikana taji la nane. Bertman alikuwa na miaka 87, na sanamu yake ya shaba ilikuwa imekwisha kusimama nje ya uwanja kule nyumbani tangu 2019.