Mabehewa ya Wazi ya Reli ya Tanga: Uchakavu na Kutu

Behewa la wazi ni gari la reli lisilo na paa, lenye sakafu na kuta nne fupi za mbao au bati la chuma, lililokusudiwa kubeba vitu vinavyomiminwa badala ya kupangwa, kama vile makaa ya mawe, kokoto, jasi, chokaa na mawe yenye madini. Nchini Uingereza aina iliyoenea zaidi ilikuwa ile ya chuma yenye magurudumu manne na uwezo wa kubeba tani 16, ambayo ilitengenezwa kwa idadi inayozidi 200,000 katika miaka ya 1940 na 1950. Afrika Mashariki haikuwa na makaa ya kujaza magari mengi kiasi hicho, kwa hiyo huku behewa la wazi lilitumika kwa kila shehena isiyoogopa mvua. Lakini mengi yalitoka katika viwanda vilevile vya Gloucester na Birmingham, yakiwa na ribiti, bawaba na masanduku ya beringi ya ukoo mmoja na yale ya Uingereza, na yakachakaa kwa sababu zilezile, zikiongezewa na nyingine ambazo mafundi wa huko hawakuzizoea: mchwa, jua la tropiki na utomvu wa mkonge.

Katika wilaya za Korogwe na Handeni habari za mabehewa haya ni sehemu ya habari za Reli ya Tanga. Ujenzi wake ulianzishwa na Wajerumani mjini Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Waingereza, waliotwaa nchi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliifikisha njia hiyo Arusha mwaka 1929. Upana wake, yaani nafasi iliyopo kati ya reli moja na nyingine, ni mita 1, wakati ule uliozoeleka Uingereza ni milimita 1,435, hivyo mabehewa yaliyoagizwa huko yaliundwa kwa vipimo vya makoloni wala hayakuwa masalio ya njia za Uingereza. Mwaka 1963 ilifunguliwa njia ya kuunganisha inayochepuka Mruazi, mashariki ya Korogwe, kuvuka Mto Pangani na kukata nyika kuelekea kusini hadi Ruvu kwenye Reli ya Kati. Tangu hapo behewa lililopakiwa Tanga liliweza kufika Kigoma au Mwanza bila kushusha mzigo. Segera, kwa upande wake, inajulikana kwa barabara: ndipo barabara itokayo Chalinze inapogawanyika, tawi moja likienda Tanga na jingine likipitia Korogwe kuelekea Moshi na Arusha, na malori yanayopita hapo ndiyo yaliyokuja kuyanyima mabehewa kazi.

Uchakavu wa behewa ni wa namna mbili, ule unaoletwa na kazi na ule unaoletwa na hali ya hewa, na anayetaka kuuelewa hana budi kuzitenganisha, ingawa aghalabu huonekana mahali pamoja. Wa kazi huanzia chini. Uso wa gurudumu, yaani sehemu inayokanyaga reli, huundwa ukiwa na mteremko mdogo unaolisaidia gari kujirudisha katikati ya njia. Kadiri linavyosafiri, mteremko huo hulika na kuacha bonde jembamba, na ukingo wa gurudumu, unaolizuia kutoka nje ya reli, hukonda, hasa katika njia yenye kona nyingi kama inayozunguka miguu ya milima ya Usambara. Breki ikikaza mno gurudumu huburuzwa bila kuzunguka na kupata kidonda bapa, ambacho baadaye hugonga reli kila mzunguko kwa mlio unaosikika mbali. Dawa yake ni kulikereza upya, lakini kila kukerezwa kunapunguza unene, hata siku moja halibaki na chuma cha kutosha kukerezwa tena.

Mabehewa ya zamani yalikuwa na beringi za shaba zilizotandikwa madini laini ya bati na risasi, zikikaa ndani ya sanduku lenye matambara au nyuzi zilizolowa oili. Matambara yakikauka, au mchanga ukiingia, msuguano hupandisha joto mpaka madini laini yanayeyuka na ncha ya ekseli inakwaruzwa. Mkaguzi wa treni aliweza kuligundua sanduku lenye shida kwa harufu kabla hata ya kulishika. Oili iliyovuja huliacha gurudumu likiwa na weusi unaong'aa kuanzia katikati, na vumbi hunata juu yake kwa matabaka, wakati unga wa breki za chuma cha kusubu, ulio mwembamba na wa rangi ya kahawia, hutanda juu ya fremu, springi na vyuma vyote vya chini. Unga huu ni chuma tupu kilichosagika, nao hugeuka kutu kwa unyevu wa usiku mmoja, ndiyo maana sehemu za chini za behewa huonekana zimeoza hata pale ambapo chuma chenyewe, kikikwanguliwa, bado ni kizima.

Kosa la namna hiyo ni rahisi zaidi katika nchi ya udongo mwekundu. Vumbi la Handeni na kutu hukaribiana mno kwa rangi, na picha nyingi za mabehewa ya eneo hili zinamdanganya mtazamaji kwa sababu hiyo. Vumbi hukaa pale linapoweza kutua, yaani juu ya kingo, vichwa vya ribiti na mikunjo ya bati, nalo husombwa na mvua ya kwanza. Kutu huanzia pale maji yanapokawia, chini ya ribiti, ndani ya maungio na kwenye pembe za sakafu, kisha hutiririka kwenda chini kwa michirizi ya rangi ya chungwa ambayo mvua haiiondoi bali huirefusha.

Chuma hakiwezi kupata kutu bila maji na oksijeni kukutana juu yake, na kwa kawaida unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 60 unatosha kuianzisha hata bila mvua. Chumvi huuharakisha mchakato huo, kwa kuwa huvuta unyevu na kuyafanya maji yapitishe umeme mdogo unaokila chuma. Kwa hiyo behewa lililokaa sana karibu na gati la Tanga lilianza kuoza mapema kuliko lililozungukia bara. Ndani ya bara kuna masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na kati ya misimu hiyo jua hufanya kazi yake juu ya rangi: linayavunja mafuta yanayoishikilia, uso unageuka chokaa laini inayobaki kiganjani ukiupapasa, na mwishowe rangi ya juu inaisha na kuifichua ile ya chini yenye risasi nyekundu, ambayo nayo watu huidhania kuwa kutu.

Maungio ndiyo yenye maangamizi makubwa. Mabamba mawili yaliyofungwa kwa ribiti huwa na mwanya usioonekana kwa macho, ambao hunyonya maji na kuyahifadhi baada ya nje kukauka. Kutu inayojitengeneza humo huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na kwa kukosa pa kwenda huyasukuma mabamba mpaka yanapinda kama mawimbi kati ya ribiti moja na nyingine, na hatimaye vichwa vya ribiti hukatika. Kupaka rangi juu ya ungio la namna hii ni kujidanganya, kwani adui amefungiwa ndani. Njia iliyo sahihi ni kukata bamba na kusafisha pande zote mbili, kazi ya gharama ambayo katika karakana nyingi huahirishwa.

Shehena nayo ina lake. Makaa ya mawe ya Uingereza yalikuwa na salfa, na salfa ikichanganyika na maji ya mvua hutoa asidi inayotoboa sakafu na sehemu ya chini ya kuta. Ndiyo sababu mabehewa mengi ya tani 16 yalibidi kuwekewa mabati mapya ya chini, yakawa na viraka vya umri tofauti. Katika Reli ya Tanga jasi ya Makanya, iliyopo wilaya ya Same, haina ukali huo, lakini unga wake hulowa, huganda pembeni na kuushikilia unyevu dhidi ya bati. Saruji hufanya hivyohivyo, ingawa ualkali wake, ulio kinyume cha asidi, unakihifadhi chuma ilichokigusa na kuacha uharibifu ujitokeze ukingoni mwa ganda. Mbolea ni mbaya zaidi ya zote hizi. Kiwanda cha mbolea kilichofanya kazi Tanga kati ya 1972 na 1991 kilitoa, pamoja na aina nyingine, salfeti ya amonia, ambayo huvuta maji kutoka hewani na kukila chuma kwa kasi, na gunia moja lililopasuka linatosha kuacha alama ya kudumu sakafuni. Kwa kulinganisha, magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya, yaliyoanza kuchukuliwa kwa reli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hayakili chuma kama asidi inavyofanya, bali huigeuza rangi ya mafuta kuwa sabuni na kuibandua, halafu huiachia chumvi iliyomo iendelee na kazi.

Sehemu za mbao zina historia fupi zaidi. Mchwa ndiye aliyewafanya wajenzi wa reli za Afrika Mashariki kupendelea mataruma ya chuma, na hakulisaza behewa lenye sakafu ya mbao lililoegeshwa kwenye nyasi, isipokuwa pale ilipotumika mbao ngumu ya aina ya mvule. Mbao iliyosalimika na mchwa hupasuka kwa jua kufuata nyuzi zake, na kugeuka rangi ya kijivu ya fedha.

Pembezoni mwa njia kuu palikuwapo reli nyingine ndogo, na kwa wenyeji wengi wa Korogwe, Hale, Ngombezi na Magunga hizo ndizo zilizokuwa karibu na maisha yao zaidi. Mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, yalitandika njia zenye upana wa sentimita 60 kutoka mashambani hadi kwenye korona, yaani mashine ya kusaga majani na kutoa singa. Magari yake yalikuwa fremu tupu yenye nguzo kila upande, ambamo vicha vya majani vililazwa kwa kukingama. Jani la mkonge lililokatwa hudondosha utomvu wenye asidi, unaowasha ngozi ya mkataji na kukila chuma pia, hivyo magari hayo yalioza kuanzia juu, pale majani yalipolala, wakati magurudumu yake yaling'arishwa na kazi ya kila siku. Tanganyika ilitoa takriban tani 230,000 za singa mwaka 1964. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000, kwa sababu ya nyuzi za sintetiki na kuanguka kwa bei, na trekta zenye matela zilikuwa zimechukua nafasi ya reli ndogo katika mashamba yaliyobaki.

Kukosa kazi kuliyaharibu mabehewa kuliko kazi yenyewe. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na shirika la pamoja la reli kugawanywa, karakana kuu za Nairobi zilibaki ng'ambo ya mpaka, na Shirika la Reli Tanzania lililoundwa mwaka huo lilianza na magari yaliyohitaji matengenezo. Njia ya Tanga ilizidi kuelemewa na ushindani wa barabara inayopita Segera, hadi ikakaa bila treni kwa zaidi ya miaka 10. Behewa linalotembea hutikisa maji yake, husambaza oili katika beringi na kuuweka uso wa gurudumu ukiwa safi. Lililosimama hukusanya majani na udongo sakafuni, tundu za kutolea maji huziba, na sakafu hugeuka beseni. Uzito wote hulala juu ya nukta moja ya kila beringi, springi hupoteza mkunjo wake, na upande wa chini, unaofunikwa na majani mabichi, haukauki hata kiangazi. Hatimaye huja wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao huanza na shaba za beringi kwa kuwa ndizo zenye bei.

Ukarabati wa njia uliofanyika mwishoni mwa miaka ya 2010 uliirudisha treni ya mizigo Julai 2019, saruji ikiwa miongoni mwa shehena za mwanzo, kisha ya abiria kufika Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Mabehewa yaliyofufuliwa hubeba vizazi kadhaa katika mwili mmoja, na umri wake hausomeki kwa kutazama kuta. Bamba la kusubu lenye jina la kiwanda na mwaka, likiwa bado lipo, hufungwa kwenye fremu na hueleza umri wa fremu peke yake; mabati ya kuta huenda yamebadilishwa mara mbili, na magurudumu hutoka popote yalipopatikana. Kinachosaidia zaidi ni namna ya kuunga: ribiti ni dalili ya kazi ya awali, mshono wa kuchomelea uliopita juu ya matundu ya ribiti yaliyozibwa ni dalili ya matengenezo ya baadaye, na bati lililonyooka kabisa kati ya mabamba yaliyobonyea ni jipya, hata kama limepakwa rangi ileile.