Kamera Ilipopanda Mashua Ikaondoka

Ukitazama Jean de Florette, filamu ya Claude Berri ya 1986, unangoja vita vianze. Wala havianzi. Kuna mzee mmoja, kijana wa ukoo wake, shamba la jirani na chemchemi. Wawili hao wanaiziba chemchemi kwa saruji, mrithi wa shamba anakufa akihangaikia maji, na wanakijiji wanaojua wananyamaza. Basi. Hadithi yenyewe ni ya Marcel Pagnol, mzaliwa wa Aubagne, aliyeandika juu ya vilima vya kwao.

Kasanga yetu, kusini mwa Ziwa Tanganyika, iliingia katika simulizi za dunia kwa mlango wa bunduki. Wajerumani waliiita Bismarckburg, wakajenga boma. Juni 1916 Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini wakaizingira, huku Kamanda Spicer-Simson akiwa ziwani na meli zake. Akasita kusogea, akihofia mizinga ya boma. Usiku Wajerumani wakatoroka kwa njia ya maji. Mizinga ile, jamani, ilikuwa ya mbao!

Vita hivyo vya ziwani ndivyo vilivyozaa riwaya ya C. S. Forester, The African Queen (1935), na filamu ya John Huston ya 1951, iliyopigwa Kongo na Uganda. Ni filamu tamu, sikatai. Lakini tazama mwanzo wake: Wajerumani wanachoma kijiji, watu wanaswagwa kama mbuzi, kisha kamera inapanda mashua na Wazungu wawili na kuondoka. Waliochomewa nyumba hatuwaoni tena. Pagnol angebaki nao pale pale kwenye majivu, aulize nani alikuwa na shamba lipi.

Na Kasanga ina mengi ya kuulizwa. Walungu wako huku na wako Zambia, ukoo mmoja, serikali mbili. Meli ya vita Graf von Götzen, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, iliibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, ikawa ya abiria na mizigo. Ilipokuwa ikitoka Kasanga, kituo kilichofuata kilikuwa Mpulungu.

Mimi ningeanzia gatini, msiba umeisha jana: baba ameacha mtumbwi na nyavu, mtoto mmoja amebaki Kasanga, mwingine anashuka na begi lake kutoka Mpulungu.