Nauli ya Kurudi: Wazee wa Mkonge kati ya Korogwe na Handeni

Misima ni kata ya Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, katika nchi ya Wazigua, upande wa kuelekea Korogwe. Kaskazini yake liko bonde la mto Pangani na mashamba makubwa ya mkonge: Ngombezi, Magunga, Mwelya, Magoma, Hale. Upande wa mashariki wa wilaya yenyewe kuna Kabuku. Katika vijiji vya ukanda huu wanaishi wazee ambao majina yao ya ukoo ni ya Kiha, Kibena, Kinyakyusa, Kingoni au Kimakonde, na ambao wajukuu wao huota ndoto kwa Kiswahili cha Tanga. Wazee hao au wazazi wao walikuja kukata mkonge. Habari yao huelezwa zaidi kama habari ya kazi, lakini ni habari ya safari pia: nani alilipa nauli, ndugu walionana kila baada ya muda gani, na mume na mke walipochoka kazi walikwenda kukaa wapi.

Watu walipita hapa kabla mkonge haujaja. Katika karne ya 19 misafara kutoka Pangani na Saadani ilielekea bara ikibeba nguo na kufuata pembe. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Wasambaa aliyekaa Vuga, aliacha milima ya Usambara akaweka makao yake Mazinde, tambarare, ili awe karibu na njia hiyo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walikaa safarini miezi mingi, na baadhi walifuatana na wake zao waliopika na kubeba vyombo. Sehemu kubwa ya utani wa makabila kati ya watu wa bara na watu wa pwani ilikua katika safari hizo. Utani ulikuwa na kazi zaidi ya kutaniana, kwa sababu mgeni aliyefia njiani bila ndugu alihitaji mtu wa kumwosha na kumchimbia kaburi, na mtani ndiye aliyewajibika. Desturi hiyo ilikuja kuwafaa sana vibarua wa mkonge.

Wazigua nao wana safari yao, ndefu kuliko zote zilizoanzia hapa. Njaa kali ya miaka ya 1830 iliwafanya wengi wachukuliwe utumwani hadi kusini mwa Somalia, na vizazi vyao vikabaki huko vikizungumza Kizigua. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi yao walivuka bahari kuja Tanzania, wakapokewa kambini Mkuyu, Handeni, kisha mwaka 2003 wakapewa ardhi Chogo, wilaya ile ile. Ni nadra watu kurejea kwa babu zao baada ya zaidi ya karne moja na nusu na bado wakasikilizana na wenyeji.

Mkonge uliletwa na Richard Hindorf, Mjerumani. Mwaka 1893 miche 1,000 ilisafirishwa kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, na mashamba yakaifuata. Ardhi ilipatikana upesi, lakini watu wa kuifanyia kazi walikuwa wachache. Msambaa na Mzigua walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kukata mkonge wa mtu mwingine mwaka mzima. Mwaka 1907 serikali ya Kijerumani wilayani Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, iliweka kadi iliyomlazimu kila mwanamume kufanya kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Hata hivyo mikono haikutosha, na mabwana shamba wakaanza kutazama mbali: Unyamwezi kwanza, kisha kusini na magharibi.

Vita vya kwanza vya dunia vilivuruga kila kitu kwa muda. Wajerumani walitandika reli nyepesi ya kusukumwa kwa mikono kutoka Mombo hadi Handeni ili kubebea mahitaji ya jeshi, na Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteka Korogwe, kisha Handeni, yakielekea Morogoro. Njia hiyo ya kaskazini hadi kusini ilibaki na umuhimu chini ya Waingereza. Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa bado hazijaungana, hivyo mtu aliyetoka Kigoma kwa treni ilimbidi amalizie safari kwa lori.

Mpango mkubwa wa kuwasafirisha watu ulikuja mwaka 1944, wenye mashamba walipounda ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU. Maajenti wake walikwenda Kigoma, Njombe, Songea, Tukuyu, na hata Ruanda-Urundi. Kijana aliyekubali alipimwa na daktari, akapewa blanketi na posho ya njiani, akapakiwa pamoja na wenzake. Kwenye kambi za kupumzikia alilala, akala, akahesabiwa tena. Wako pia walioikwepa SILABU wakaja kwa miguu, wiki kadhaa za kutembea, ili wafike bila mkataba na kuchagua shamba wenyewe. Hao walisifiwa kuwa huru, lakini uhuru wao ulikuwa na bei: hakuna aliyewajibika kuwarudisha.

Kazi ilipimwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi iliyopaswa kukamilika ndani ya siku 42. Mkata mkonge alikuwa na idadi yake ya mafungu kwa siku, na mnyapara aliweka alama pale tu ilipotimia. Majani yalikwenda korona, yaani kwenye mashine, kusagwa, singa (nyuzi zake) zikaanikwa, zikapigwa brashi na kufungwa marobota. Mkataba kwa kawaida haukuzidi miaka miwili. Sehemu ya mshahara ilizuiwa na kulipwa mtu alipofika kwao, na nauli ya kurudi ilikuwa juu ya mwajiri.

Kwa hiyo hapakuwa na ziara ya familia kwa maana inayoeleweka leo. Kuonana na wazazi kulikuja mkataba ulipokwisha, na safari ikalipwa na aliyekuhitaji kazini. Mkataba ulikuwa kalenda ya undugu. Aliyefiwa na baba katikati ya mwaka alipata habari kwa barua iliyochelewa, au kwa kibarua mpya kutoka kijijini kwao, na matanga yakawekwa kambini bila maiti. Aliyekatiza mkataba na kutoroka alipoteza nauli pamoja na mshahara uliozuiwa. Ulikuwa utaratibu mkali, na ni vigumu kuutetea. Jambo moja tu liliusaidia: ulidhania kwamba kila mtu ana kwao, na ulimlipia afike huko.

Waajiri walikuja kutambua kwamba kijana aliye peke yake huondoka mapema. Wakaanza kuwasafirisha wake na watoto pia, hasa katika miaka ya 1950. Mke alipata kazi ya palizi au ya kuanika singa, au alipika pombe na kuuza kambini, biashara ambayo wakati mwingine ilileta fedha kuliko panga la mumewe. Watoto walizaliwa Ngombezi na Magunga. Mume na mke wenye watoto shuleni hawakuona tena maana ya kwenda kwao, tuseme Kasulu mkoani Kigoma, na kurudi kila baada ya miaka miwili, nao wakaanza kurefusha kukaa.

Mwisho wa utaratibu wenyewe ulikuja haraka. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kilipata nguvu, na mgomo wa Mazinde wa mwaka 1958 ulijulikana nchi nzima. Baada ya Uhuru mishahara ya kima cha chini ilipanda, mashamba yakapunguza watu na kutaka wafanyakazi wa kudumu, na mwaka 1965 SILABU ikafungwa. Mwaka mmoja kabla yake Tanzania ilivuna karibu tani 230,000 za mkonge, kiasi ambacho haijakifikia tena. Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi, NPF, ulianzishwa mwaka huo wa 1964. Kibarua wa msimu akageuka kuwa mwajiriwa atakayestaafu. Na mwaka 1963 reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi, wilayani Korogwe, ilikamilika, ikipita mashariki mwa Handeni. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kutoka Korogwe hadi Kigoma kwa reli tupu, lakini sasa kwa nauli ya mfukoni.

Hapo ndipo lilipozaliwa suala la kustaafu. NPF haikuwa pensheni ya kila mwezi. Mzee alichukua akiba yake yote kwa mkupuo, na mkupuo huo ulitosha jambo moja tu. Angeweza kuutumia kurudi kwao yeye na mkewe, anunue ng'ombe wawili watatu na kuanza kujulikana upya na wadogo zake waliokwisha gawana ardhi ya baba. Au angejenga hapa. Wengi walijenga. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuanzisha vijiji vya ujamaa kwa wingi baada ya Azimio la Arusha la 1967, na kijiji cha ujamaa hakikuuliza sana kabila: aliyejiandikisha alipewa kiwanja na eka za kulima mahindi. Kabuku palikuwa tayari na makazi ya wakulima wadogo wa mkonge. Huko ndiko wazee wengi walikolowea.

Waliolowea hawakukata undugu, ila ziara zilibadilika sura. Aghalabu mume na mke hawakusafiri pamoja, kwani shamba la mahindi katika nchi yenye ukame wa mara kwa mara haliachwi, na nguruwe pori hawana likizo. Mama ndiye aliyekwenda binti alipojifungua, kumkanda mzazi na kukaa naye hadi arubaini ipite, na mzee akabaki kulinda. Mzee alikwenda kwao kwa msiba au kwa kesi ya ardhi. Wakati wa safari uliwekwa baina ya mavuno ya masika na kupanda kwa vuli. Wapo waliokwenda mara moja katika miaka kumi, na walipofika walitembezwa nyumba kwa nyumba kama wageni. Wengine hawakwenda tena kabisa, wakazikwa na watani zao.

Mashamba yenyewe yalidhoofika. Mengi yalitaifishwa mwaka 1967, kamba za plastiki zikaua bei ya singa, na kufikia miaka ya 1990 uvunaji wa nchi nzima ulikuwa chini ya tani 40,000. Mwaka 1998 mashamba ya serikali yalibinafsishwa. Treni ya abiria ya njia ya Tanga ilisimama katika miaka hiyo hiyo, kana kwamba kila kitu kilipanga kuchoka pamoja. Waliopunguzwa kazi walidai haki ya zamani: nauli na gharama za kusafirisha mizigo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, bado inamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi mahali alikoajiriwa au amlipe gharama zake, pamoja na posho ya kujikimu katika siku za kusubiri. Wakili huiona kama fidia. Kwa mzee aliyekaa miaka 40 Korogwe, kifungu hicho pia huuliza swali gumu, kwa sababu lazima ataje mahali ambapo ni kwao.

Swali hilo haliko Tanga peke yake. Marekani kuna wastaafu, mume na mke, wanaouza nyumba na kuishi mwaka mzima ndani ya gari lenye kitanda na jiko, wakihama kufuata hali ya hewa na kupitia kwa watoto wao kila jimbo. Sheria huwadai nao anwani. Chama chao kimoja, Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978, huwapa wanachama anwani mjini Livingston, Texas, na huwapelekea barua popote walipo. Chama hicho hicho kina kituo cha kuwatunza wale ambao uzee au ugonjwa umewasimamisha. Tofauti ni kwamba wao walianza kuhama baada ya kazi na kwa hiari, wakiwa na pensheni mfukoni. Wazee wa mkonge walihamahama wakiwa vijana kwa amri ya mkataba, na kustaafu kukawasimamisha. Badala ya kituo kama cha Livingston, Handeni ilikuwa na kijiji cha ujamaa na watani.

Leo usafiri si tatizo kama zamani. Barabara ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, ina lami, na treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi Desemba 2019 ikipita Korogwe. Watoto wako Dar es Salaam, Arusha au Morogoro, na ziara za wazee sasa zinaelekea kwa watoto kuliko kwa wazazi wao waliokwisha kufa. Wastaafu wa baada ya NSSF, mfuko ulioirithi NPF, kuanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 hupata pensheni ya kila mwezi, nao wanaweza kupanga safari. Waliostaafu chini ya NPF walimaliza akiba yao zamani, na nauli zao hutumwa na watoto kwa simu. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Tanzania Bara haikuanzisha malipo ya namna hiyo kwa wazee wote, na mzee wa mkonge asiye na mtoto wa kumtumia fedha hubaki alipo.