Leodegar Tenga: Nahodha wa Lagos aliyerudi kuongoza soka

KWA miaka 39, kila Taifa Stars ilipoanza safari ya kuwania tiketi ya Fainali za Mataifa ya Afrika, mashabiki wa soka nchini walirejea kwenye kumbukumbu moja tu: Lagos, Nigeria, mwaka 1980. Kikosi kilichokwenda huko kiliongozwa na beki wa kati aliyekuwa pia msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Leodegar Chilla Tenga.

Jina hilo halikuishia uwanjani. Nahodha huyo alikuja kuwa Rais wa Shirikisho la Soka Tanzania (TFF), Mwenyekiti wa Baraza la Vyama vya Soka Afrika Mashariki na Kati (CECAFA), mjumbe wa Kamati ya Utendaji ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) na Mwenyekiti wa Baraza la Michezo la Taifa (BMT). Nje ya michezo alikuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania (CTI).

Safari ya Lagos

Katika ngazi ya klabu, Tenga anakumbukwa zaidi akiwa na Pan African, timu iliyozaliwa katikati ya miaka ya 1970 kutokana na mgawanyiko mkubwa ndani ya Yanga. Klabu hiyo ilikusanya nyota wengi wa Taifa Stars wa wakati huo, wakiwamo Jella Mtagwa na Mohamed Rishard 'Adolf'.

Tiketi ya Lagos ilipatikana Agosti 1979 mbele ya Zambia. Stars ilishinda bao 1-0 nyumbani, kisha ikaenda Ndola kulinda ushindi huo mwembamba. Wenyeji walitangulia kufunga, lakini Peter Tino akasawazisha na mchezo ukamalizika kwa sare ya bao 1-1. Bao hilo la Tino limebaki miongoni mwa mabao yanayosimuliwa zaidi katika historia ya soka ya Tanzania.

Wakati huo fainali zilishirikisha timu nane tu. Stars ilipangwa kundi moja na wenyeji Nigeria, Misri na Ivory Coast. Ilifungwa mabao 3-1 na Nigeria, ikafungwa 2-1 na Misri, kisha ikatoka sare ya bao 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga dhidi ya Nigeria na Thuwein Ally akafunga katika michezo miwili iliyofuata. Nigeria ndiyo iliyotwaa ubingwa.

Pointi moja katika michezo mitatu ilionekana haba. Hakuna aliyejua kwamba ingechukua karibu miongo minne kwa Watanzania kuiona tena timu yao katika fainali hizo.

Kutoka uwanjani hadi ofisini

Desemba 2004, baada ya miaka mingi ya migogoro ya uongozi ndani ya kilichokuwa Chama cha Soka Tanzania (FAT), wajumbe walimchagua Tenga kuongoza chombo hicho, ambacho kilichukua jina la TFF. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya mabao bali ya kurejesha imani: ya serikali, ya wadhamini na ya mashabiki.

Mwaka 2006 Mbrazili Marcio Maximo aliajiriwa kuinoa Stars, serikali ya Rais Jakaya Kikwete ikibeba mshahara wake. Mwaka uliofuata ulifunguliwa Uwanja mpya wa Taifa jijini Dar es Salaam, wenye uwezo wa kuchukua watu 60,000.

Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, kipindi hicho kina kumbukumbu yake. Juni 2007 Stars iliikaribisha Senegal katika Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, na kutoka sare ya bao 1-1. Kwa mashabiki wa Geita, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, na wenzao wa Shinyanga na Kahama, hiyo ilikuwa nafasi adimu ya kuiona timu ya taifa jirani na kwao. Hata hivyo, ndoto ya kufuzu fainali za 2008 ilizimika Septemba mwaka huo, Msumbiji iliposhinda 1-0 Dar es Salaam.

Mwaka 2009 Stars ilicheza fainali za kwanza za Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani (CHAN) nchini Ivory Coast, ikawafunga wenyeji bao 1-0 kupitia Mrisho Ngassa. Desemba 2010, chini ya Jan Poulsen, ilitwaa Kombe la Chalenji jijini Dar es Salaam kwa penalti ya Shadrack Nsajigwa dhidi ya Ivory Coast iliyoalikwa.

Lakini tiketi ya Mataifa ya Afrika haikupatikana. Tenga hakugombea tena, na Oktoba 2013 Jamal Malinzi akachaguliwa kumrithi, baada ya uchaguzi kuahirishwa kwa mvutano ulioifikisha FIFA nchini. TFF ilimpa Tenga hadhi ya urais wa heshima.

Somo kwa ukanda wa madini

Ukame ulikatika Machi 24, 2019, Stars ilipoifunga Uganda 3-0 na kufuzu fainali za Misri. Imefuzu pia fainali za 2023 na 2025, na Tanzania imepewa uenyeji wa fainali za 2027 pamoja na Kenya na Uganda.

Msisitizo wa Tenga kwamba soka hujengwa kwa taasisi unaonekana wazi katika ukanda wa dhahabu na almasi. Stand United ya Shinyanga ilipanda Ligi Kuu 2014, ikapata udhamini wa kampuni ya madini ya Acacia, ikaingia katika mgogoro wa uongozi na kushuka 2019. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ilipanda 2015 na kushuka 2021. Geita Gold ilipanda 2021, ikamaliza ya nne msimu wake wa kwanza huku George Mpole akiwa mfungaji bora kwa mabao 17, ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika, kisha ikashuka 2024.

Timu tatu, na zote zilishuka ndani ya miaka sita tangu kupanda. Fedha ya mgodi inaweza kununua msimu mmoja mzuri. Klabu inayodumu huhitaji katiba inayoheshimiwa, hesabu zilizo wazi na viongozi wanaokubali kung'atuka muda wao unapokwisha. Hayo ndiyo aliyoyapigania nahodha wa Lagos baada ya kutundika daluga.