Goma Ionekanavyo Kutoka Juu

Mtu asimamaye sokoni Virunga hauoni mji wote wa Goma. Huona barabara, nyua za majirani, na Nyiragongo ukitoa moshi. Sisi tumeutazama kwa njia nyingine: kwa ramani za zamani, na kwa picha za setilaiti, yaani vyombo vile viizungukavyo dunia na kuipiga picha toka mbali sana.

Ramani za kwanza zilikosea. Wazungu waliochora mpaka wa Kongo mwaka 1885 walikuwa hawajaliona ziwa Kivu. Mjerumani von Götzen alilifikia mwaka 1894, akaupanda na mlima wenyewe. Ugomvi wa mpaka ulikatwa mwaka 1910, Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani na Goma kwa Wabelgiji. Mstari ule waonekana hata leo. Mashariki mji umezuiwa na mpaka, kusini na ziwa, kaskazini na mlima wa moto. Basi umenyoshwa kuelekea magharibi, njia ya Sake.

Picha za setilaiti Landsat zilianza mwaka 1972. Zile za kwanza ni hafifu, nyumba ya mbao haionekani kabisa, na mawingu ya kwetu hayana huruma. Lakini ukizipanga kwa miaka, waona mji ukitambaa. Mugunga, palipokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda tangu mwaka 1994, leo ni mtaa wa mji.

Picha ituguseyo zaidi ni ya mwaka 2002. Tarehe 17 Januari lava ilishuka, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji hata ziwani. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Katika picha ni utepe mweusi tu, lakini utepe ule ulimeza yapata sehemu 13 katika kila 100 za mji. Tazama sasa picha za miaka iliyofuata: weusi wapungua, mabati yang'aa juu yake. Watu wamerudi kujenga pale pale moto ulipopita. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena, ikasimama Buhene, ukingoni mwa mji.

Wengine husema watu hao ni wakaidi. Sisi hatukubali. Mwenye kiwanja kimoja atakwenda wapi? Naye aliyefukuzwa na vita Masisi au Rutshuru hujenga apatapo nafasi. Lakini ni haki yake kuonyeshwa ramani ya lava ya 1977, ya 2002 na ya 2021 kabla hajatoa fedha yake, wala si baadaye.

Jambo moja picha haziwezi kutuambia: watu wa mabati yale walitoka wapi. Hilo limeandikwa katika vitabu vya ubatizo vya parokia, kwa mkono wa makatibu, mahali pa kuzaliwa na majina ya wazazi. Vitabu hivyo hukaa katika makabati ya mbao, katika mji uliokwisha kuunguzwa.