Safu ya Lugha: Kunakili si kutia nakshi

Katika karakana za useremala za Ujiji na Kigoma mjini siku hizi utasikia, "Ubao umeshatiwa nakshi," ilhali patasi haijaugusa. Kilichopo ni ua lililochapwa kwa printa, likapitishiwa penseli juu ya karatasi ya kaboni. Fundi hapo amenakili tu. Maneno haya yanakaribiana masikioni, lakini mizizi yake ya Kiarabu ni miwili: nakili inatokana na naqala, kuhamisha kitu toka mahali hadi pengine, nakshi inatokana na naqsh, urembo unaochorwa au kuchongwa.

Tusiyachanganye pia na kuchonga na kuchora. Kuchonga ni kuukata mti upate umbo: mtumbwi wa Ziwa Tanganyika huchongwa hata usipokuwa na ua lolote. Kuchora leo ni kazi ya kalamu, ingawa kamusi za zamani zililipa neno hilo pia maana ya kukata urembo kwenye mbao. Basi sema: nakili ruwaza, ichonge, na maua yakishaguswa kwa kidole, ubao umetiwa nakshi. Neno sahihi humlinda mteja na fundi pia: kunakili ni kazi ya dakika, nakshi ni kazi ya siku, na malipo yake hayawezi kulingana.