Kibodi Kwanza, Programu Baadaye

Mwaka 1928 kulikuwa na mkutano Rejaf, kwenye ukingo wa Nile karibu na Juba. Walikaa watu wa serikali, wamisionari na wataalamu wa lugha, wakaamua lugha zipi za kusini mwa Sudan zitatolewa vitabu vya shule na ziandikweje. Kibari kilichaguliwa, na Kikakwa chetu cha Koboko ni ndugu yake wa damu. Wenye lugha wenyewe hawakuwa waamuzi.

Naanza huko kwa sababu swali la leo ni lilelile: nani anaamua tuandike kwa chombo gani?

Kikakwa kina 'b, 'd na 'y. Kilugbara cha Arua vilevile: 'ba, yaani watu. Ile alama ya mbele si pambo, ni sehemu ya herufi. Taipureta haikusumbuka nayo, na Biblia nzima ya Kilugbara ilitoka mwaka 1966 bila kompyuta yoyote. Shida ilikuja na kompyuta. Ukiandika 'ba, programu ya kawaida inadhani unafungua nukuu, inaigeuza alama. Kesho unatafuta neno lako, halionekani. Kwa ndugu zetu Wadinka na Wanuer, wenye ɛ, ɔ na ŋ, ilikuwa mbaya zaidi. Watu walitengeneza fonti zao, wakaficha herufi hizo mahali pa alama nyingine. Peleka faili kwa mashine isiyo na fonti ile, basi, unasoma uchafu mtupu.

Ndipo zikaja programu za kazi maalum. Shirika la SIL lilikuwa na Shoebox ya kutunzia maneno ya kamusi, tangu enzi za MS-DOS, halafu Toolbox ya Windows. Mwaka 1993 Marc Durdin alitengeneza Keyman, kibodi ya kuandikia Kilao, nayo pia ya Windows.

Je, programu za namna hii zipelekwe Linux, Android na kwingine? Wapo wanaosema hapana. Watengenezaji ni wachache, pesa ni kidogo, na kila mfumo mpya ni kazi ya kurekebisha isiyoisha. Afadhali programu moja nzuri kuliko tano zilizo nusunusu. Hoja hiyo ina uzito, siidharau.

Lakini tazama huku kwetu, Lobule au Rhino Camp. Mwenye kompyuta ni wa kutafuta. Simu ndiyo ofisi, ndiyo daftari. Programu ikibaki kwenye Windows, kamusi inabaki kwenye laptopu ya ofisi. Mama anayejua maneno yote ya shambani anakuwa mtu wa kuulizwa tu. Haandiki, wala hasahihishi alichoandikiwa. Mradi ukifungwa, laptopu inaondoka na maneno yake.

Sasa ona zile mbili zilivyoishia. Keyman iliingia SIL mwaka 2015. Leo ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac, Linux, Android na iPhone. Toolbox ilibaki ya Windows, lakini kazi iliyomo haikufungiwa: ni maandishi ya kawaida, kila neno la kamusi likitanguliwa na alama \lx. Programu yoyote ya maandishi inayafungua.

Kwa hiyo mimi nasema ndiyo, ila kwa mpangilio. Kibodi iende kila mahali kwanza, maana bila herufi hakuna maandishi. Pili, mafaili yawe ya Unicode, yasomeke popote. Programu kubwa ya kamusi inaweza kungoja, mradi haifungi maneno ndani.

Na ninyi ndugu wa mashirika, kabla ya kuanza mradi mwingine wa lugha hapa, ulizeni jambo moja: yule aliyetoa maneno ataweza kuyafungua kwenye simu yake, na kuyasahihisha? Kama hawezi, jueni mmeitisha Rejaf nyingine.